Kioo Kisichopanda Mlima

Torame alizijua nyuso za wanawake wa Hinokawa kuliko walivyozijua wao wenyewe. Kazi yake ilikuwa kusugua vioo. Katika milima ile ya Yamato kioo kilikuwa sahani ya shaba, nyuma ina nakshi, mbele laini, na shaba usipoitunza huota ukungu, ukijitazama ukamwona mtu mwingine. Basi kila mwaka majani yalipoanza kupukutika, wanawake walimletea vioo vyao vimefungwa kwenye vitambaa. Alivisugua kwa majani machachu ya shambani, akavipaka zebaki kidogo, akasugua tena mpaka uso ukarudi. Mwenye kioo alipokuja kukichukua, Torame alikuwa mbele yake akimtazama anavyojitazama. Aliona nani amekonda, nani analia peke yake, nani ameanza kumwogopa mumewe. Hakumwambia mtu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hii ilijua kunyamaza.

Mumewe, Heiroku, alikuwa fundi wa kusubu shaba. Aliyeyusha, akamimina kwenye kalibu za udongo, akatoa kengele ndogo, mabakuli ya madhabahu na vyungu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliiambia mivukuto ya tanuri lake. Mungu wao aliwapa mtoto mmoja tu, binti, jina lake Kozuru. Ungewauliza watu wa Hinokawa wakati ule, wangekuambia kwamba Torame ni mwaminifu mpaka anachosha. Hawakukosea. Binadamu ni mwaminifu mpaka siku atakapoguswa penye kidonda, na Torame alikuwa bado hajaguswa.

Mlima ulikuwa juu ya vichwa vyao siku zote, na mwanamke haruhusiwi kuupanda. Njia ilitoka kijijini, ikavuka mto, ikafika kwenye jiwe la mpaka, na hapo wanawake waliishia, awe mke wa kabaila kutoka Kyoto au mchanja kuni. Juu huko alikaa Gongen, mlinzi wa mlima, na watawa wake wanaopuliza makombe ya baharini ambayo sauti yake hushuka mpaka mashambani. Wanawake waliwapikia wapandaji, wakawasukia viatu vya mabua, wakawasindikiza mpaka kwenye jiwe, kisha wakarudi kupalilia figili. Waliozoea waliiita desturi. Wasiozoea walinyamaza, na ukiwa mbali huwezi kumtofautisha aliyezoea na aliyenyamaza.

Bibi Myoa hakuzoea, na wala hakunyamaza. Alikuwa mjane, na mwanawe wa pekee, Kumao, alikuwa amepanda na watawa mwaka mmoja mwishoni mwa msimu, theluji ikawahi, akafia huko. Wenzake walimzika hukohuko chini ya mwamba, wakamletea mama mtu fimbo yake na mkoba wake. Yule mama akanyoa nywele, akachukua jina la utawa, Myoa, na tangu hapo kila alfajiri alikwenda kwenye jiwe la mpaka akasimama akiangalia juu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama huyu aliliona kaburi la mwanawe kila siku ya Mungu, kwa maana ya kuuona mlima wote, na asiweze kulifagia hata mara moja.

Mwaka ninaousimulia, maporomoko ya ardhi yaliifunika sanamu ya zamani ya Gongen pamoja na kibanda chake. Gyosen, mkuu wa watawa, akashuka kijijini akasema sanamu mpya lazima itengenezwe kabla mlima haujafunguliwa mwanzoni mwa kiangazi. Ingekuwa kama ile ya kwanza: sahani kubwa ya shaba ya kuning'inizwa ukutani, na katikati yake Gongen mwenyewe, nywele zimesimama, meno nje, mkono mmoja umeinua silaha juu ya kichwa, mguu mmoja umekanyaga mwamba na mwingine uko hewani kama anayetaka kumpiga mtu teke. Na kwa desturi ya wazee, shaba yake ingetoka kwenye vioo vya wanawake.

Desturi hii ndiyo iliyokuwa njia yao pekee. Kioo kilichomeza uso wa mwanamke miaka yote kimebeba nafsi yake. Kikiyeyushwa kikawa mwili wa Gongen, basi mwenye uso amepanda. Yuko juu, anasikia makombe kwa karibu, anatazama mabonde kutoka upande ule ambao miguu yake haitafika kamwe. Wanawake wengi pale walizaliwa na kuzeeka bila kuiona nafasi hiyo, maana sanamu haibadilishwi kila uchao.

Kazi ya kukusanya vioo ikamwangukia Torame, kwa kuwa alikwisha kuvishika vyote. Alitoa chake kwanza, mbele ya watu, ili wengine wasisite. Kilikuwa cha mama yake, na kingekuwa cha Kozuru. Watu walimsifu, naye akazipokea sifa hizo kwa uso wa mtu asiyezisikia, ingawa alizisikia moja moja.

Majuma machache baadaye mshenga akaja. Alitoka ng'ambo ya kilima, kwenye nyumba ya Shirai, watu wenye mashamba ya mpunga na ghala la mbao nzito. Walimtaka Kozuru, tena walimtaka kabla ya mavuno. Mshenga alikunywa pombe ya mchele, akasifu majimbi, akamsifu msichana, kisha akauliza kwa upole bibi harusi atakuja na kioo gani. Torame akajibu haraka kwamba atakuja na kizuri. Alijua mila za upande ule. Mke asiyekuja na kioo chake walimwita mtumishi aliyepewa chumba, na mama wakwe wa kule hawakuwa watu wa kusahau.

Asingeweza kukiomba chake kirudi, maana alikwisha kukitoa hadharani. Asingeweza kununua kingine, maana vyote vya jirani vilikuwa kwenye kapu lake vikisubiri tanuri. Hapo ndipo Bibi Myoa alipoingia na kitambaa chake kifuani.

Alikaa ukumbini karibu na mlango, kwenye mwanga, akakifungua. Kilikuwa kioo kizuri kuliko vyote vya kijiji, nyuma yake korongo wawili na msonobari, alichotoka nacho kwao alipokuwa msichana. Akajitazama kwa muda mrefu. Akakipumulia, akafuta pumzi yake kwa mkono wa nguo, akakifunika na kumkabidhi Torame kama anayemkabidhi mtoto mchanga.

"Mpokee taratibu, mwanangu," akasema. "Ana safari ndefu huyu."

"Nimempokea, bibi."

"Nitafika?"

"Utafika."

Bibi akaondoka. Alipofika uani aligeuka, akatazama mlango, kisha akaenda zake. Torame akabaki na kitambaa mkononi, na kapu la nguo za harusi za Kozuru lilikuwa pale pembeni, limejaa nusu. Sitamtafutia visingizio. Hakuna shetani aliyemsukuma wala njaa iliyomlazimisha. Alifikiri kwamba shaba ni shaba, na kwamba bibi huyu ni mzee, anayejitazama leo na kesho hayupo, na Kozuru ndiyo kwanza anaanza maisha. Akakiweka kioo chini kabisa ya kapu, katikati ya mavazi ya baridi. Kwenye kile kitambaa akafunga vipande vya chungu cha shaba kilichopasuka, akavipima kwa mkono mpaka uzito ukalingana.

Siku ya kusubu, wanawake wote walisimama nje ya karakana wakiimba, watawa wakapuliza makombe, Heiroku akamimina. Kila mmoja aliona vitambaa vikifunguliwa juu ya tanuri na vioo vikidondoka motoni, lakini moshi na cheche vilikuwa vingi na hakuna aliyehesabu korongo. Bibi Myoa alikuwa mstari wa mbele, viganja vimekutanishwa, machozi yanamtiririka, na anacheka.

Kalibu ilipovunjwa, Gongen alitokea mzima na mkali, ila chini ya ule mguu ulioinuliwa palikuwa na tundu. Si kubwa, kidole gumba kingepita. Lakini lilikuwa tundu, na watu wakaanza kunong'ona. Gyosen aliitazama sahani, akasema bila kufoka kwamba shaba haipasuki bure. Kuna kioo kilichotolewa kwa moyo nusu.

Baadaye Torame aliapa kwamba alikuwa amekwisha kufungua mdomo aseme. Huenda. Mimi sikuwa ndani ya mdomo wake. Ninachojua ni kwamba kabla sauti yake haijatoka, Bibi Myoa alikwisha kujitokeza mbele, mdogo, kichwa kimenyolewa, akapiga magoti kwenye majivu.

"Ni mimi," akasema. "Nilipokwisha kukitoa niligeuka nyuma. Nilikitamani kioo changu. Nisameheni."

Watu wakashusha pumzi, maana kosa likipata mwenyewe wengine wote wanapona. Gyosen alikuwa mtu wa huruma. Alimwinua, akampa toba ambayo kwake aliiona nyepesi: kila alfajiri ajimwagie maji ya mto mbele ya jiwe la mpaka mpaka mlima utakapofungwa na kufunguliwa tena. Tundu likazibwa kwa kiraka. Na kazi ya kuisugua sahani ikarudi kwa nani kama si kwa Torame?

Aliisugua siku kadhaa, uso kwa uso na yule mwenye meno nje. Wanasema Gongen hana hasira ya chuki, anakasirika kama mzazi anavyomkasirikia mtoto anayechezea moto. Torame hakuona mzazi. Kadiri shaba ilivyozidi kung'aa aliuona uso wake mwenyewe ukijitokeza pembeni ya ule mguu, umetulia, umepanda mlima bila jasho. Alitafuta uso wa Bibi Myoa ingawa alijua haumo. Watawa walipokuja kuichukua sahani, wanawake waliwasindikiza mpaka kwenye jiwe, wakapunga mikono, wakajipungia wenyewe wakienda. Bibi Myoa alipunga kuliko wote.

Kozuru akaolewa. Akaondoka na kapu lake mgongoni mwa mchukuzi, hajui alichobeba. Mama yake alimwambia kioo kile kilikuwa cha ndugu wa mbali. Nyumba ikawa kimya, na katika ukimya huo Torame akaanza kusikia maji. Nyumba yao haikuwa mbali na mto. Kila alfajiri alisikia ndoo ikizama, kimya kidogo, kisha maji yakianguka juu ya mifupa ya bibi kizee.

Akaanza kumpelekea uji. Ndivyo afanyavyo mwenye hatia asiyetaka kulipa: hutoa zawadi. Alipika uji wa shayiri, akaufunika, akampelekea pale kwenye jiwe, akamfuta mgongo, akamvika nguo kavu. Bibi akambariki. Akawaambia jirani kwamba Torame ni binti ambaye hakumzaa. Kila baraka ilimwingia Torame kama mwiba chini ya ukucha, na kesho yake aliongeza shayiri.

Lililomuumiza zaidi ni kwamba bibi alikuwa na furaha. Zamani alikuwa akisimama pale akiangalia juu bila neno. Sasa alikuwa akiongea. Alimweleza Torame kwamba ameongea na Kumao, kwamba sasa wako pamoja, kwamba amemwambia aache kusikitika na usiku asogee karibu na ukuta kwa sababu ya upepo. Toba haikumsumbua. Alisema alistahili, kwa kutazama nyuma, lakini Gongen alimchukua hivyohivyo na moyo wake wa nusu, na tundu lake likazibwa.

Majani yalipoanza kuwa mekundu, Torame alimkuta Heiroku karakanani, amekaa mbele ya kalibu mpya, hafanyi kazi wala haiachi. Alikuwa ametoka mtoni kuchota udongo na alimwona bibi akitetemeka.

"Mama," akasema, kwa maana ndivyo alivyomwita mkewe tangu Kozuru azaliwe. "Lile tundu ni unyevu. Kalibu haikukauka. Mvua ilikuwa inanyesha, nao watawa wananiharakisha. Nilijua kabla sijamimina."

Torame akamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba Gyosen alisema moyo nusu, na nani tena angempa kazi fundi anayemimina Gongen kwenye udongo mbichi? Kisha bibi akajitokeza, na ikawa rahisi. Alilisema hilo neno, rahisi, akafunika uso kwa viganja vyake vyeusi.

Ungefikiri mzigo ungepungua. Kwa dakika chache ulipungua. Kama tundu lilikuwa unyevu, basi si wizi wake uliolitoboa. Torame alirudi jikoni na wepesi huo, akakoroga uji, na kabla haujachemka akakumbuka kwamba tundu halikuwa shida. Liwe la unyevu au la Gongen mwenyewe, Bibi Myoa bado hayuko juu. Yuko ndani ya chumba cha watu, ng'ambo ya kilima, na msichana anachania nywele mbele yake. Hakumwambia mumewe. Ndani ya nyumba ile sasa kulikuwa na watu wawili waliomwacha bibi kizee aoge maji ya barafu kwa niaba yao, na mmoja tu ndiye aliyekuwa amesema.

Siku iliyofuata akafunga viatu, akasema anakwenda kumjulia hali Kozuru, na nia yake ilikuwa kukirudisha kioo. Labda watawa wangekipandisha hivyohivyo, wakakizika pale chini ya mwamba. Njiani aliyapanga maneno yake akayapangua.

Akamkuta Kozuru ana mimba. Mama mkwe, mwanamke mwenye kidevu cha kuamrisha, akamkaribisha Torame ndani, akamwekea matunda ya kaki yaliyokaushwa, akawaita majirani waje wamwone mama wa mkaza mwanawe. Kisha akakileta kioo mwenyewe, akakigeuza, akawaonyesha wale korongo. Akasema mwanzoni walikuwa na wasiwasi, binti wa msubu shaba, huwezi kujua. Lakini nyumba inayomtoa mwanawe na kioo kama hiki ni nyumba ya watu. Kozuru aliketi nyuma yake, mkono juu ya tumbo, akainua uso akamtazama mama yake. Torame, msomaji wa nyuso, aliusoma ule. Msichana alikuwa salama.

Akala kaki. Akasifu mpunga. Akarudi kwao bila kioo. Na lililomtesa njia nzima si kwamba alishindwa kukiomba. Ni kwamba alifurahi. Mwanawe ameheshimiwa, naye akapanda kilima akitabasamu, akashuka upande wa pili akijichukia.

Mlima ukafungwa. Baridi ikakaza. Asubuhi moja Torame alifika kwenye jiwe na uji wake, akamkuta Bibi Myoa ameshindwa kuinua ndoo. Midomo ilikuwa ya buluu, lakini alikuwa anamwomba Gongen radhi kwamba leo amechelewa. Akamwomba Torame amsaidie kuinyanyua. Torame akaishika ndoo. Barafu nyembamba ilikuwa inaelea ndani yake. Mikono ikakataa.

Akaimwaga chini. Akamfunga bibi kwa vazi lake mwenyewe, akamkalisha kwenye mzizi wa mti mkubwa, akamshikisha bakuli.

"Bibi," akasema, "kioo chako hakikuyeyushwa."

Bibi Myoa aliendelea kunywa, kama mtu aliyesikia habari za mtu mwingine.

"Nilikichukua mimi. Kozuru ameolewa nacho. Kwenye tanuri niliweka vipande vya chungu."

Bakuli likashuka polepole mpaka magotini.

"Kwa hiyo lile tundu si mimi."

"Si wewe. Ni kalibu, haikukauka. Heiroku anajua."

"Sikumtolea Gongen moyo nusu."

"Uliutoa wote, bibi."

Uso wa kikongwe ukafunguka. Torame alikuwa ameona nyuso nyingi zikirudi kutoka kwenye ukungu, lakini hakuwahi kuona uliorudi hivyo, na yeye, mjinga, akadhani yamekwisha. Kisha mwanga ukaondoka.

"Na Kumao?"

Torame hakuelewa.

"Tangu mlima ulipofunguliwa namwambia nimefika. Kila siku namwambia, geuka, mama yuko hapa ubavuni pako." Sauti yake haikupanda. "Alikuwa akigeuka anaona nini, Torame?"

Torame alianguka chini kwenye umande ulioganda, akasema maneno mengi bila mpangilio: atakwenda kukileta kioo leo hii, atasimama mbele ya kijiji kizima, atamwambia Gyosen. Bibi alimwacha amalize.

"Kioo mwachie mtoto," akasema mwishowe. "Yeye hakuiba. Unataka nipande kwa mwanangu nimebeba kilio cha bibi harusi mwenye mimba? Na hao wa kijijini waache. Walinisamehe, sitawarudishia msamaha wao." Akafuta pua. "Ila wewe uko juu. Chako kilitangulia, wote tulikuona ukikitoa. Basi mwambie wewe."

"Nimwambie nini, bibi?"

"Mwambie mama yake hayuko. Mwambie na sababu. Mimi nimemdanganya mwanangu msimu mzima, sitaweza kumtazama."

Torame akasimama mbele ya jiwe. Mlima ulikuwa mweupe na haukuwa na mtu. Alisema jina la yule kijana kwa sauti ya chini.

"Hakusikia," Bibi Myoa akasema nyuma yake. "Kuna upepo. Sema tena."

Akasema tena. Akasema yeye ni Torame, mke wa Heiroku, kwamba mama yake Kumao hayuko huko juu, kwamba nafasi yake ameichukua yeye akampa binti yake. Alilisema lote kwa sauti, mpaka mwisho, na mlima haukujibu kitu. Bibi akatikisa kichwa kukubali, akamalizia uji uliokwisha kupoa, wakarudi.

Tangu siku hiyo maji hayakumwagwa tena. Heiroku alipoambiwa, kesho yake akapanda juu ya paa la Bibi Myoa na mafungu ya nyasi akaanza kuliezeka upya. Kila mwaka akawa analitazama bila kuitwa. Bibi hakumwita tena Torame mwanangu. Alimwita Torame. Lakini kila alfajiri alimpitia, wakaenda pamoja mpaka kwenye jiwe, na bibi akasema kwa sauti ndogo maneno aliyotaka yafike, na Torame akayapandisha kwa sauti kubwa, neno kwa neno, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa huko juu.

"Mwanangu, mama anasema figili mwaka huu ni nyembamba." "Mwanangu, mama anasema paa halivuji." "Mwanangu, mama anasema amekuota umevaa viatu vibovu." Mwanzoni wachanja kuni walicheka. Halafu wakazoea. Kozuru akazaa, akazaa tena, na hata habari hizo bibi aliagiza zipelekwe, kwa sauti isiyokuwa na utani wala uchungu. Siku mojamoja Torame alidhani amesamehewa. Kisha bibi alikuwa akimwambia, "Leo mkumbushe," naye akajua la kukumbusha, akalirudia lote, chungu, kapu, na korongo.

Bibi Myoa alifariki majira mlima unapofunguliwa, makombe yakilia, amelala chini ya paa lisilovuja. Torame ndiye aliyemfumba macho. Jirani walianza kupanga kuni na uvumba, na mmoja akauliza anakwenda wapi wakati kuna kazi. Akasema kuna mtu hajapewa habari.

Alifika kwenye jiwe peke yake. Kwa mazoea alisubiri sauti ndogo nyuma yake imwambie aseme nini. Wapandaji walikuwa wakimpita, wanaume na vijana wa kiume, wanavuka jiwe bila kulitazama.

"Mwanangu," akaanza, kama kila siku, akasita, kwa kuwa neno lile lilikuwa la mwenyewe na mwenyewe hakuwapo tena kulitoa.

"Kumao," akasema. "Mama yako amefariki leo alfajiri. Nilipaswa kukuletea. Sikumleta."